Malkia Wangu Hakai Kaburini

Jumatatu, 6 Novemba 1693

Miaka saba nimeandika tamthilia ya Malkia wa Armenia, nikakonda. Leo London imeiona. Malkia, yaani Bi Dorcas Penhale, alikunywa sumu, akaanguka, akafa vizuri kabisa. Bibi mmoja wa viti vya mbele akatoa leso. Leso! Nilichotaka duniani ni hicho tu, watu walie.

Halafu maiti ikainuka, ikakung'uta gauni, ikasema beti za kuwaaga watazamaji. Eti desturi. Beti kaziandika Threlkeld, mwandishi mwenzangu, nyoka yule. Zilisema Malkia alikunywa sumu ili asisikie mashairi yangu tena. Ukumbi ukaangua kicheko. Leso ikarudishwa.

Jumanne, 7 Novemba

Nimemsihi mkuu wa waigizaji azifute beti. Akaniuliza kama nina homa. Leo wengine wameingia mchezo unakaribia kwisha, wakiuliza kama Malkia amekufa tayari, maana wanamsubiri aamke.

Threlkeld alinikuta mkahawani, akanipiga begani. "Ndugu yangu Gathercole, usinune. Wewe umepika ng'ombe mzima, wenzio wanakuja kulamba mchuzi wangu."

Jibu nimelipata nilipofika nyumbani. Namchukia.

Jumatano, 8 Novemba

Hakuna mchezo leo. Dawa nimeipata! Kosa lilikuwa sumu. Aliyekunywa sumu bado ana mdomo. Nimeandika mwisho mpya: Malkia anakatwa kichwa nyuma ya pazia, kichwa kinaletwa kwenye sinia. Asiye na kichwa ataaga nani? Seremala wa ukumbi anakichonga. Bi Dorcas nimemwambia kesho akikatwa tu aende zake nyumbani, eti nimemwonea huruma kwa uchovu wake. Akanitazama sana.

Alhamisi, 9 Novemba

Sinia likaingia. Wanaume wazima walilia. Leso kumi na moja! Nami nililia.

Kisha Bi Dorcas akatoka, gauni limemfunika hadi utosini, kichwa cha mbao kwapani. Kichwa kikafungua taya, kikaaga watu kwa beti mpya za Threlkeld. Taya sikuiagiza mimi. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, wakataka kirudie mara mbili. Armenia hakuna aliyeikumbuka.

Bi Dorcas alinikuta nimejificha nyuma ya mapazia. "Nimewaona walivyolia, Bwana Gathercole. Ungeniomba tu kwamba leo nisitoke, nisingetoka. Lakini wewe ukanidanganya eti nimechoka."

Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 10 Novemba

Sikupata usingizi kwa maneno ya Bi Dorcas. Nimwombe! Mwigizaji! Hapana, nina njia bora. Tamthilia mpya: Malkia wa Karthago anachomwa moto, anabaki majivu. Majivu hayaagi mtu. Mtungi wa kuyawekea nimemwagiza seremala yule yule, fundi mwaminifu. Ameuliza kama uwe wa kutosha mtu mzima kuingia. Nimemwambia ukiwa mkubwa ndiyo utapendeza zaidi.