Mimi Si Mwathirika

Jumatatu, 14 Aprili
Mafuriko! Maji yamefika kwenye kitasa cha mlango wangu na kochi limeelea hadi jikoni. Mimi nilitangulia mbio kutafuta msaada. Mke wangu anasema nilitangulia mbio, basi. Tofauti ndogo.

Nilizunguka sana. Saa nane mchana nikafika shule ya msingi, ambayo sasa ni kituo cha dharura. Muuguzi anayekisimamia, wote wanamwita Sista, akaniuliza kama mimi ni mwathirika. Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Hapo nikamwona aliyeshika daftari la majina. Fundi Cherehani! Jirani yangu wa zamani, aliyehamia mlimani mwaka jana. Nilimcheka kinyozini mbele ya watu wote. Nilimwambia anakwenda kuishi na mbuzi, na kwamba mimi bondeni mafuriko nitayasikia redioni tu.

Nikasema nimekuja kujitolea.

Nimepewa ufagio. Fundi ana kizibao cha njano, kinamning'inia kama pazia. Mke wangu na mama mkwe walikuwa wameshafika, sijui kwa njia gani, maana mama mkwe ana miguu mibovu. Sikuuliza. Kiongozi haulizi mambo madogo.

Jumanne, 15 Aprili
Nimemwomba mke wangu awaambie watu kwamba nyumba yetu ni kavu. Kasema kama ni kavu nikalale huko. Ikabidi nimweleze Fundi kwamba mke wangu yuko hapa kwa sababu ya mapenzi, hawezi kukaa mbali nami. Fundi akaitikia kwa adabu, akasema ndoa kama hizo ni chache. Hajui kitu!

Nimeazima filimbi ya mwalimu wa michezo ili nipange foleni ya chai. Niliipuliza mara moja tu. Watu wakadhani maji yanakuja, wote wakapanda mbio ghorofa ya pili, Sista akiwa wa kwanza. Watu mia mbili, dakika mbili. Nani mwingine angeweza? Sista kaniomba nisipulize tena. Wivu.

Jumatano, 16 Aprili
Mgongo! Nimelala juu ya madawati mawili yasiyolingana urefu. Leo yameletwa magodoro, lakini ni ya walio kwenye daftari tu. Akili ikafanya kazi. Nikaandika MKAGUZI kwenye kipande cha boksi, nikakivaa shingoni, nikaanza kukagua ubora. Godoro la kwanza nililibonyeza. La pili nililala juu yake ili nipate uhakika.

Niliamka baada ya muda wa saa tatu. Watu walikuwa wamenizunguka. Bibi mmoja alikuwa akiuliza kama nimeshafariki. Fundi akamjibu kwamba mkaguzi anapima uimara, asisumbuliwe. Mjinga yule, ameamini kila kitu! Baadaye akanifuata pembeni, akasema godoro moja limebaki halina mwenyewe, je, ningeweza kulilinda kwa kulilalia? Nilikubali, kwa faida ya kituo.

Alhamisi, 17 Aprili
Nimefua suruali yangu. Ninayo moja. Nikafanya doria nimejifunga blanketi lililoandikwa MSAADA KWA WAATHIRIKA, na maandishi yakaangukia makalioni. Nilimwambia Fundi ni mbinu ya kuwaliwaza wenye shida. Alikohoa muda mrefu. Vumbi la chaki, nadhani.

Ijumaa, 18 Aprili
Maji yameshuka. Nimechungulia kwangu: tope hadi magotini. Kesho Sista atasoma daftari mbele ya wote, na kila kaya iliyoandikwa itapewa makoleo na watu wa kuisaidia. Nahitaji koleo kuliko ninavyohitaji hewa. Lakini nisomwe mimi? Fundi akisikia?

Wakati wa chai nikalichukua daftari kwa siri, niandike nyumba yangu kwa jina la mzee wa kubuni. Ukurasa wa kwanza, mstari wa tatu, nikakuta jina langu. Mwandiko wa Fundi. Jumatatu, saa tatu asubuhi. "Mke. Mama mkwe, nimembeba. Mume anatafuta msaada, atakuja. Magodoro matatu."

Nilisoma mara nne. Masikio yakawaka. Nikamfuata mama mkwe. Akasema, "Ndiyo, mwanangu, Fundi alinitoa dirishani akanibeba mgongoni hadi hapa, na akatukataza tusikwambie, akasema utaumia moyo."

Sikunywa chai.

Jumamosi, 19 Aprili
Sista alisoma jina langu. Hakuna aliyeshtuka hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Wamekuja watu kumi na wawili nyumbani kwangu na makoleo. Nilisimama juu ya kiti nikaelekeza. Fundi alichukua chumba cha mama mkwe peke yake, tope likamjaa hadi kwenye nyusi. Nilitaka kumwambia asante. Nikashuka kwenye kiti, nikampa filimbi. Akaipuliza mara moja, akanirudishia, akaendelea kuchota.

Jumapili, 20 Aprili
Nimelala vizuri, mawazo yamekaa sawa. Nimeelewa sasa. Fundi aliniandika mapema kwa sababu alijua kituo kitanihitaji. Mtu huyu ana jicho la kutambua uongozi!

Leo kinyozini nimewasimulia wote jinsi nilivyokiendesha kituo. Filimbi, ukaguzi, doria. Fundi alikuwepo akisubiri zamu yake. Kila nilipomgeukia, alitikisa kichwa kukubali. Nikaguswa sana. Mtu mwema kama huyu haifai aishi kule juu na mbuzi. Nikamshauri mbele ya watu wote arudi bondeni, pale kando yangu pana nafasi. Mvua kama ile, nikamwambia, hainyeshi mara mbili.

Amesema atafikiria. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, mama mkwe ana kilo ngapi siku hizi.

Swali la ajabu. Nimemjibu sijui, sijawahi kumbeba.