Mapazia ya Dirisha Moja

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Shangazi Kuluthum amenipa hadi Ijumaa. Ama wazee wapeleke posa kwa kina Raihana, ama nitamke kuwa simtaki. Raihana ni fundi wa kushona hapa Magogoni. Nampenda. Tangu atajwe nimekwenda kazini Changamwe mara mbili na viatu visivyofanana. Ndiyo maana sitaki kukurupuka. Nina miaka thelathini na saba tu.
Nimemwambia Shangazi kuwa naswali istikhara, namwomba Mungu anichagulie. Nani atamharakisha mtu anayengoja jibu kutoka huko? Kusema kweli, naandaa jedwali la kumpima Raihana.

Jumanne, 9 Septemba
Jedwali limekamilika. Safu kumi na moja. Ya sita: subira. Mke asiye na subira atamtesa mtu mtulivu kama mimi. Nimemwomba jirani yangu Ihsan, kapera mwenzangu, ampelekee Raihana kitambaa cha mapazia, kisha arudi kulalamika kila siku. Akauliza kama nina homa. Nikamwahidi biriani ya Ijumaa. Homa ikasahaulika.

Jumatano, 10 Septemba
Ihsan amelalamika kuwa pazia ni refu. Raihana amelipunguza papo hapo na kumuulizia hali ya mamake. Alama saba. Ningempa nane, lakini siku moja si ushahidi.
Shangazi akataka kujua nimeota nini. Nikasema ukungu. Akanijibu kwamba istikhara ni rakaa mbili, mwanangu, si kesi ya shamba.

Alhamisi, 11 Septemba
Ihsan amekwenda mara mbili. Nilimtuma mara moja. Mtu wa bidii sana. Alilalamika kuwa pazia sasa ni fupi. Raihana akamuuliza kama dirisha lake linakua. Ihsan alinihadithia hayo akicheka peke yake, kwa muda mrefu. Alinukia udi. Nimeandika pembeni mwa jedwali: shahidi anajituma.

Ijumaa, 12 Septemba
Biriani nimeila peke yangu. Ihsan ametuma ujumbe kuwa pazia lina mshono wa kuangaliwa.
Nimemwomba Shangazi siku saba zaidi. Akasema Raihana si barua ya ofisini, aingizwe kwenye faili angojee. Nikamkumbusha kuwa subira ni ibada. Akavaa buibui akaondoka bila kunywa chai. Watu wazima wana haraka ya ajabu.

Jumatatu, 22 Septemba
Ihsan amekuja, macho chini. Wazee wake walipeleka posa jana, imekubaliwa. Ameapa wallahi kwamba hakukusudia. Naye aliswali istikhara: usiku mmoja, rakaa mbili, akalala fofofo. Wengine wana bahati ya kutofikiri.
Akaongeza ambalo sikumuuliza. Raihana alipomuuliza nani anamtuma, alimwambia ukweli. Raihana alicheka, halafu akaendelea kushona. Mwishowe akasema kuwa alishamwambia mamake ndiyo tangu mwezi wa tano. Alikuwa akiwangoja wazee wangu tu. Hata ningekwenda mwenyewe kulalamikia hayo mapazia, angefurahi.
Nikafungua jedwali. Kisha nikamuuliza Ihsan, kwa ajili ya kumbukumbu, alama ya mwisho ya subira ni ngapi. Akanitazama kama mgonjwa, akaenda zake.
Tangu mwezi wa tano. Ni kumi, bila shaka. Nimeijaza kwa wino.

Ijumaa, 3 Oktoba
Shangazi amenisemesha tena, alhamdulillahi. Kuna binti wa Likoni, mwalimu wa chekechea, mpole, kwao wako tayari. Ananitaka nijibu kesho. Nimemwambia naanza istikhara.
Nimetafakari kwa utulivu na kosa nimeliona: nilimtuma kapera. Mtu mwenye busara hakosei hivyo tena. Safari hii anakwenda Sharif wa ofisini, mtu mzima, ana mke wake.
Mmoja tu.