Ploti ya Kando ya Bomba

Jumanne, 3 Septemba
Mzee Haigh amesalimu amri. Magoti yamemshinda kulima. Ploti yake ya bustani sasa iko wazi, ile ya kando ya bomba. Yangu iko mwisho kabisa, kwenye ukuta wa reli. Maji yote nabeba mwenyewe, na mgongo umeanza kulia kama mlango mbovu. Kamati ya chama chetu cha bustani itaamua Jumapili kwenye chai ya wanachama. Desmond Sugden naye anaitaka. Desmond ana vitunguu vikubwa kuliko kichwa chake, na anapenda kuvitaja. Mimi sina vitunguu. Nina akili.

Jumatano, 4 Septemba
Maktaba. Nimesoma kamusi nene ya Kiingereza juu ya neno lenyewe, ploti. Kumbe lina ukoo. Mwanzo lilikuwa kipande cha ardhi, basi. Baadaye likawa ramani ya hicho kipande. Halafu mpango wa siri. Hapo wataalamu wanashuku neno la Kifaransa lilitia mkono. Mwisho, msuko wa hadithi. Nitayasema haya kabla ya kura. Kamati itaona haya kumpa ardhi mtu wa vitunguu. Nimemwomba mwenyekiti, Bibi Thackray, dakika kumi. Kanipa tano, na kasema nisilete picha.

Alhamisi, 5 Septemba
Hotuba peke yake haitoshi. Nimepika jamu ya plamu. Vifuniko nimevivika kitambaa cha pajama yangu kuukuu, mistari ya buluu. Wajumbe wote watano nimewapitia, mmoja mmoja. Kila mmoja nimemnong'oneza kuwa hii ndiyo chupa ya mwisho, nimemwekea yeye tu, asimwambie mtu. Bibi Thackray alinishika mkono. Alisema tangu mumewe afariki hakuna aliyemkumbuka hivyo. Nilijisikia vibaya mpaka getini.

Jumapili, 8 Septemba
Nilisahau jambo moja. Kwenye chai yetu kila mtu huja na kitu cha kula pamoja. Mezani, katikati ya keki za watu, pajama yangu mara tano.
Nikasimama, nikaanza. Kipande cha ardhi: watu wanakoroga chai. Ramani: wanakoroga. Nilipofika kwenye mpango wa siri, Bibi Thackray akaomba mfano. Nikasema sina wa karibu. Akazipanga chupa mstari mmoja.
"Hebu tafuta, bwana Clive. Huenda ukauona."
Ukumbi wote ulicheka, isipokuwa yeye. Desmond kapata ploti, kura zote. Msuko wa hadithi sikuufikia.

Jumatatu, 9 Septemba
Desmond kahamia na toroli lake. Kaniambia, "Kaka, vuta mpira mpaka kwako. Maji si ya kwangu." Afadhali angenitukana. Sikulala. Uso wa Bibi Thackray haunitoki. Kosa ni langu, simsingizii mtu. Nimeamua kubadilika.

Jumanne, 10 Septemba
Nimeoka keki za zabibu, nimezifunga kwa kitambaa cha suruali, maana koti la pajama limekwisha. Nimekwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Nimekiri kila kitu. Moyo mwepesi. Kila mjumbe nimemwambia ni yeye peke yake ninayemwomba radhi, wengine hawastahili, na asimwambie mtu.
Bibi Thackray kaigeuzageuza keki, kauliza kama inaweza kukaa mpaka chai ya mwezi ujao. Nimemhakikishia inakaa vizuri sana.