Kwaya Nne za Thadei

Jumapili, 1 Septemba 2024

Kikao cha jubilei ya kigango chetu hapa Kakese. Miaka hamsini! Nimekwenda na jambo moja kichwani: nipewe kazi ya kuandika historia ya kigango. Maandishi ya marehemu Mwalimu Amedeus, aliyetufundisha kusoma na kuimba, yaliliwa na mchwa. Tumebaki wachache tunaokumbuka. Ninayewakumbuka wenzangu mpaka usingizini ni mimi peke yangu.

Mwenyekiti, mama Agatha, kauliza nani ataleta kwaya. Telesphor, mfuga nyuki, tuliyeshindana naye tangu darasa la kwanza, kasema ataleta kwaya mbili kutoka Kapalamsenga. Nikacheka moyoni. Kaunta buku, daftari la jalada gumu, ya kwaya mbili tu kwa miaka hamsini? Kurasa 192! Na kuifuata huko ziwani, wakati mimi nina duka la madaftari Mpanda mjini! Nikasimama. Nitaleta kwaya nne.

Vigelegele. Imakulata naye kapiga makofi. Nilimwona. Yeye ndiye aliyeimba sauti ya kwanza enzi zile. Sasa mjane, karudi juzi kutoka Tabora. Telesphor kajitoa. Mama Agatha kauliza kwaya zangu zitalala wapi. Nikamjibu, rafuni kwangu, juu kabisa, panya wasizifikie. Ukumbi mzima ukacheka. Watu wa Kakese wananipenda.

Jumanne, 3 Septemba

Dukani kwaya nne hakuna! Zipo mbili na tatu tu. Siku hizi watoto wanataka vidaftari vyenye picha za wanamuziki. Nani anajua tena kwamba kwaya moja ni karatasi ishirini na nne kubwa, zikikunjwa kati zinatoa kurasa tisini na sita? Mwalimu Amedeus alitukunjia mbele ya darasa, tukahesabu wote kwa sauti.

Kaunta buku yangu ya kwanza baba aliileta kutoka mjini kwa baiskeli, kaifunga ndani ya shati lake isipate vumbi. Mama akaivalisha karatasi ya mfuko wa saruji. Nililala nayo. Ile harufu ya gundi! Leo nimekaa stoo kunusa boksi moja baada ya jingine. Nimewakumbuka wote wawili, nikalia kidogo. Mteja kangoja, kaondoka.

Mpango: nitashona kaunta buku mbili za kwaya mbili ziwe moja. Mbili na mbili, nne.

Alhamisi, 5 Septemba

Kidole gumba kimenata kwa gundi kwenye jalada tangu asubuhi. Mama Agatha kapiga simu, nimepokea kwa mkono wa kushoto. Kauliza kwaya zangu zimevaa rangi gani. Nimemwambia kaki, mgongoni nyekundu. Kasema zitapendeza, ila zisichelewe, maana zile za Kapalamsenga ameshazizuia. Mama huyu anajali vitabu kuliko nilivyodhani.

Jumapili, 8 Septemba

Jubilei imekwisha, nimerudi nyumbani.

Kanisa limejaa mpaka nje. Padri katangaza kwaya ziingie. Nimeingia. Mimi na kaunta buku, tumeiinua juu, yaani mimi nimeiinua. Watu wakaangalia nyuma yangu, mlangoni. Mama Agatha kaja mbio, kaninong'oneza waimbaji wako wapi, Thadei.

Ndipo nikaelewa. Kwaya za kuimba! Neno hilohilo moja. Nimeimba kwenye kwaya miaka saba, nimeuza kwaya miaka thelathini, na siku ya kikao masikio yangu yalikuwa dukani. Nikamweleza. Kakaa chini, kajifunika kanga usoni. Jubilei ya miaka hamsini bila wimbo hata mmoja, na aliyeizima ni mimi. Telesphor alicheka mpaka kashika benchi. Sijawahi kutamani kuondoka mahali namna ile.

Imakulata akaja mbele. Kaichukua kaunta buku, kaifungua kwenye meza, kanipa kalamu.

“Kaka Thadei, andika,” akasema. “Sauti ya kwanza: Imakulata, Recho, Ernestine. Aliyepo asimame.”

Kawataja wote wa kwaya yetu ya zamani. Aliyepo kasimama, wengine kwa fimbo. Kwa marehemu tulifanya ishara ya msalaba, mimi nikaandika. Alipomtaja Mwalimu Amedeus, kaanzisha wimbo wa mavuno alioutunga mwalimu huyo. Tukaimba. Sauti zimekwaruza, ubeti wa tatu hakuna aliyeukumbuka, tukaurudia wa pili. Nililia wazi, na Telesphor kalia kuliko mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili tena.

Kazi ya historia nimepewa! Imakulata kasema niandike ukweli mtupu, wa wote, kwa ajili ya waliotangulia.

Jumatano, 11 Septemba

Historia inakwenda vizuri. Nimefika ukurasa wa arobaini, bado sijaanza shule. Mwalimu Amedeus ataingia baadaye, nafasi ikiruhusu. Wimbo wa mavuno nimeandika kwamba niliutunga mimi. Telesphor nimemtaja mara moja, akibeba benchi.

Imakulata katuma ujumbe kwamba Jumapili atasoma kurasa za kwanza mbele ya kigango kizima, na Telesphor atakaa mstari wa mbele. Nimefurahi sana. Nimemjibu asome kwa sauti kubwa, na asiruke neno.