Uso Kwenye Kisahani cha Sabuni

Bwana Ulimi alikuwa na mtaji mmoja tu: uso usiokumbukika. Ukimwona asubuhi, mchana umeshamsahau. Ndiyo maana alitapeli mitaa saba na bado mitaa yote saba ilimsalimu kwa heshima.

Siku hiyo alichungulia karakana ya mjane mmoja, akaona mashine ya visahani vya sabuni imefunikwa gunia. Kalibu yake, chuma cha kuumbia visahani, ilikuwa imepasuka. Bwana Ulimi akameza mate.

"Shikamoo, mama. Kalibu ninayo, chuma cha ng'ambo! Mashine inayeyusha plastiki, inaisindilia ndani, ikipoa unafungua: kisahani! Kufumba na kufumbua, kingine! Elfu kumi, vyote mapacha."

"Marahaba. Na hasara zake?"

"Hasara? Mama, mbona unajitabiria mabaya?"

"Marehemu mume wangu alisema kalibu ni ghali kuichonga. Na ukiichonga na kosa, unalipata kosa lilelile mara elfu kumi."

"Mungu amrehemu, alikuwa mwoga."

Mjane akatoa malipo ya awali bila kubisha. Ila aliomba kila kisahani kiwe na sura ya mbia wake mpya, yaani Bwana Ulimi mwenyewe. Shemeji yake, fundi chuma, angeichonga.

Hapa tumhurumie Bwana Ulimi kidogo: hakuna aliyewahi kuutaka uso wake. Hata mama yake mzazi alikuwa akitaja majina ya kaka zake wote kabla ya kulipata lake. Bwana Ulimi akajilaza mezani machozi yakimlengalenga, akapakwa plasta uso mzima, mirija miwili puani.

"Usicheke wala usiseme, mwanangu, itapasuka."

Plasta ikiwa inakauka, shemeji mtu akafungua sanduku la kalibu alilolileta mgeni. Ndani mlikuwa na jiwe lililopakwa rangi ya fedha.  Mjane alitia mkono kwenye koti la mgeni, akachukua malipo yake, akairudisha mifuko ilivyokuwa; plasta ya uso wakabaki nayo.

Bwana Ulimi alikuja kugundua akiwa safarini kwamba mfuko ni mtupu. Alilaani, kisha akajicheka. Leo kapatikana yeye, kesho atampata mwingine. Uso si bado anao?

Baada ya miezi mitatu, katika mji wa mbali, sonara mmoja tajiri alikuwa tayari kumkabidhi mkufu wa dhahabu akamuuzie.

"Kanawe kwanza, tule," sonara akasema.

Bwana Ulimi akafungua bomba, akainua sabuni. Chini yake alikuwapo yeye mwenyewe, wa buluu, anatabasamu. Akakigeuza kisahani haraka kifudifudi.

Upande wa nyuma kulikuwa na maandishi: MWENYE SURA HII NI TAPELI.

Na sonara alikuwa ameshasimama mlangoni na taulo mkononi, anasoma polepole, kwa sauti.