Kikande Kaniumbua Kwenye Kicheni Pati ya Nuru

Leo nimeadhirika, jamani. Na aliyeniadhiri si mtu. Ni samaki, tena hata kiganja hajazi.

Bora niwape kisa chote mwenyewe kabla hamjakipata kwa wengine, maana video ipo na inatembea.

Leo ilikuwa kicheni pati ya Nuru, binti wa kaka yangu Shabani, hapahapa Mbagala. Nuru ni mwanangu. Mama yake alipougua kwa muda mrefu, mtoto huyu nilimbeba mgongoni mimi, na uji nikamnywesha mimi. Ijumaa anaolewa. Kwetu, shangazi ndiye somo wa bi harusi: anamfundisha, analala naye ndani wiki nzima, na siku ya harusi anakaa pembeni yake. Nafasi hiyo niliitaka kwa moyo wangu wote. Nimeitaka tangu Nuru hajaota meno.

Ila wifi yangu, mama Nuru, alikuwa na wasiwasi. (Nimeachika mara mbili. Kwani kocha lazima awe amefunga mabao?) Yeye alimtaka Bi Zamda wa Tandika, somo anayeitwa na mji mzima, mwanamke anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Tukavutana mpaka tukafikia mwafaka. Leo nifundishe mimi mbele ya watu. Nikifanya vizuri, wiki hii ni yangu. Nikiharibu, mwali anachukuliwa na Bi Zamda. Na Bi Zamda mwenyewe akaalikwa, akae mbele, aone.

Nikasema lazima nije na kitu kipya. Kila somo anakuja na kinu na mchi, kila somo anakuja na sufuria na mwiko. Watu wamechoka. Jana mchana nimekaa sebuleni kwa kaka nawaza, macho yakatua kwenye tanki.

Kaka Shabani ni fundi friji, na ugonjwa wake mkubwa ni samaki wa baharini wa kufuga. Maji ya chumvi anayafuata Kigamboni kwa madumu. Umeme wa Luku ukikaribia kuisha, pasi inapigwa marufuku, tivii inazimwa, lakini pampu ya samaki inaendelea kunguruma. Humo ndani ana kikande wawili. Kikande ni samaki bapa, mdomo mdogo, meno ya kuvunjia kaa. Mmoja ana kidevu cha buluu na mapezi yenye ukingo wa njano, kapendeza kweli. Mwenzake ni wa kijivu tu, hana hata doa la maana.

Nikamuuliza kaka, "Hawa ni mke na mume?"

"Ndiyo, dada. Miezi minne nahangaika nao. Kikande mkali, ukiwaweka pamoja ghafla wanauana. Niliwatenganisha na wavu mpaka wakazoeana."

"Mke ni huyu mwenye buluu, si ndiyo?"

"Hapana. Mwenye kidevu cha buluu ndo dume. Jike ni huyo wa kijivu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Shabani, we fundi friji. Mambo ya wanawake na wanaume niachie mie. Mwanaume gani anajipaka rangi kidevuni?"

Akaniangalia kidogo. "Haya. Ila usije ukatia mkono humo. Huyo wa kijivu tangu asubuhi kawa mkali, hata simwelewi."

(Nilimsikia vizuri sana. Sina cha kujitetea.)

Leo saa tisa alasiri sebule ilikuwa imefurika. Makochi yametolewa nje, wanawake wamejaa kwenye mikeka, sare ya kitenge cha zambarau. Wageni wa upande wa bwana harusi, watu wa asili ya Mtwara, tumewapa safu ya mbele. Wanaume wote wamefukuzwa, kaka yupo uani kwenye banda lake na mafriji yake. Nuru kakaa katikati, kafunikwa kanga gubigubi, kwa sababu mwali siku hiyo haonekani wala hasemi. Mimi nimesimama pembeni ya tanki nililolifunika kwa kitambaa cha meza. Nikalifunua kwa mbwembwe zote nilizojaliwa.

Vigelegele!

"Mwali wangu Nuru! Leo hufundishwi na kinu. Leo unafundishwa na viumbe wa Mungu!"

"Eeeeh!" wakaitikia.

"Huyu mwenye buluu ni mke. Mnamwona alivyojipamba? Anajua mumewe yupo nyumbani!"

"Tunamwona!"

"Na huyu wa kijivu? Mume! Hajipambi, hana muda huo. Tazameni yupo kazini!"

Na kweli yule wa kijivu alikuwa pembeni kwenye kona, anachimba mchanga, kisha anaupulizia maji kwa mdomo. Anachimba, anapuliza. Nikaona Mungu kanishushia mfano.

"Anajenga!" nikapaza sauti. "Kapata kiwanja chake Chanika, anachimba msingi! Nuru, mume akichimba msingi, we mke kazi yako nini? Kujipamba na kukaa kimya!"

Sebule ikalipuka. Mama mmoja wa Mtwara akainuka akanifunga kanga kiunoni, akanizungusha. Bi Zamda akavua miwani. Jamani, Bi Zamda kavua miwani! Nikajua nimeshashinda.

Ningekaa chini hapo. Ningekaa chini hapo, leo ningekuwa na heshima zangu. (Tatizo langu makofi yananilevya.)

Mara yule mwenye buluu akasogea taratibu kwenye ile kona. Wa kijivu akamvamia, akamkimbiza tanki zima mpaka akajibana nyuma ya jiwe. Bi Zamda akauliza, kwa upole wa kuudhi, "Somo, mbona mke anafukuzwa na mapambo yake?"

Nikajibu hapohapo, "Anamwambia saiti si pa kuja na kucha ndefu!" Wakacheka, lakini wachache. Nikaona wifi anamtazama Bi Zamda. Nikaona nisipofanya kitu kikubwa, Nuru anaondoka mikononi mwangu.

"Mume mkali," nikasema, "anatulizwa kwa mkono laini. Tazama, mwanangu."

Nikapandisha mkono wa gauni. Nikaingiza mkono wenye hina na pete ndani ya maji, nimpapase mume mgongoni.

Sijui hata nieleze vipi. Nilisikia maumivu mpaka kwenye kisogo. Nikautoa mkono kwa nguvu, na mume akatoka nao, ananing'inia kwenye kidole changu cha shahada mbele ya wageni wa heshima. Nikapiga ukelele. Nikatikisa mkono. Akaachia, akarudi ndani ya tanki pwaa! Maji ya chumvi yakaimwagikia safu yote ya mbele, vitenge, nywele, kope za kubandika.

"Shabaniii! Shabani nakufaaa!"

Kaka akaingia mbio, bisibisi mkononi. Wanawake wakagombania kanga za kujifunika, maana wengine walishavua mitandio kitambo. Kaka hakuangalia mtu. Hata kidole changu, kinachovuja damu, hakukiangalia. Alipiga magoti mbele ya tanki, akabandika pua kwenye kioo, kwenye ile kona.

"Dada," akasema, sauti inamtetemeka kwa furaha. "Katagaaa!"

"Nani kataga?"

"Huyu hapa wa kijivu! Ona mayai haya kwenye mchanga! Ndo maana mkali, anayalinda! Anayapulizia maji!"

Safu nzima ya mbele wakanyoosha shingo kuitazama ile kona.

Kisha Bi Zamda akasema, taratibu, kila mtu akasikia: "Kwa hiyo mume ndiye aliyetaga. Kwenye kiwanja cha Chanika."

Jamani! Kuna mama alilala kwenye mkeka kabisa. Mwingine alitoka nje kwenda kuchekea huko, akarudi kuja kucheka tena. Wifi yangu alijiziba uso na upande wa kitenge, mabega yanaruka. Mimi nimesimama, kanga ya Mtwara kiunoni, kidole nimekikunja kwenye kitambaa cha meza.

Na haikuishia hapo. Wageni wa Mtwara wakamzuia kaka asitoke. "Fundi, hebu tuelezee wewe. Uliwaozeshaje hawa?"

Kaka yangu! Mtu ambaye siku ya harusi yake mwenyewe alishindwa kutoa shukrani! Akasimama na shati lake lenye grisi, bisibisi anaizungusha mkononi, akawaambia wanawake sebule nzima, "Mie sikuwafundisha kitu. Nilikuwa nawaangalia tu. Dume akisogea kwenye wavu, jike anakimbia, basi nauacha wavu palepale. Siku jike aliposogea mwenyewe, ndo nikautoa."

Hakuna aliyecheka. Halafu vikapigwa vigelegele ambavyo mimi, na mbwembwe zangu zote, sikuvipata. Wakamwomba aendelee. Akaendelea, dakika ishirini! Mwanaume, kwenye kicheni pati! Mimi nimekaa chini kwenye mkeka, nimewekewa kidole kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu.

Alipomaliza, wifi akasimama akasafisha koo. "Wageni wangu, kama tulivyopatana, kuanzia leo mwali atakuwa na Bi Zamda."

Sikuinua uso. Niliumia, sitawaficha. Kidole nilikisahau kabisa. Nilikuwa nahesabu miaka niliyoisubiri wiki hii, na nimeipoteza kwa mdomo wangu.

Ndipo kanga ikafunuliwa. Mwali asiyetakiwa kusema akasema.

"Mama, mie namtaka shangazi."

Wifi akamgeukia. "Baada ya haya yote?"

"Ndiyo. Alale na mie wiki nzima, na Ijumaa akae pembeni yangu." Akanitazama, akajitahidi asicheke, akashindwa. "Ila asinifundishe kitu."

Sebule ikapasuka upya. Yeye akasubiri watulie, akaongeza kwa sauti ndogo, "Nataka tu awepo."

Kwa hiyo anayewaandikia hapa ni somo wa kwanza Mbagala nzima kukabidhiwa mwali kwa sharti la kufunga mdomo. Sharti nimelikubali. Nimelikubali huku nalia kwa sauti mbele ya Bi Zamda, kamasi na wanja vimechanganyika, na hiyo sehemu nayo imerekodiwa, ipo mwisho kabisa wa video. Anayetaka kunicheka namruhusu, ila kwanza aitazame mpaka hapo.