Nilihubiri Kukimbia kwa Kiroho

Leo nimekosa pa kuficha uso. Niko naandika na goti imevimba.

Asubuhi nilihubiri kanisani, kijijini kwetu Bihambwe. Mimi, mwalimu wa Biblia (nilisomea Goma, nawakumbushaka kila mara). Kule walitufundisha: neno linasema kile linasema. Uliza nani aliambiwa, na sababu gani. Usitafute fumbo mahali hakuna fumbo.

Andiko lilikuwa lile Yesu anaambia watu wakimbilie milimani, na mwenye iko shambani asirudie nguo yake. Maana iko wazi. Lakini maana wazi inaisha haraka, na mimi nilikuwa na koti mupya ya kuonyesha!

Nikapandisha sauti: «Ndugu, hapa si kukimbia kwa miguu! Mulima ni sala. Nguo ni kiburi!»

Mama Zawadi, mujane mwenye amekimbia vita mara mingi kuliko vile mimi nimehubiri, akauliza: «Papa Mwalimu, si aliwaambia tu wakimbie?»

«Mama, hiyo ni kusoma ya watoto.»

Nikavua koti, nikaiweka kwa kiti, niwafafanulie vizuri.

Pale pale njo masasi ya bunduki yakalia. Karibu kabisa, upande wa mulango.

Watu wote wakaelekea dirisha ya nyuma. Wa kwanza kuruka nani? Mimi! (Kwa miguu, si kwa roho.) Nikafika inje, nikakumbuka koti. Nikarudi, nikaingiza kichwa na mabega mule dirishani. Nikakwama.

Mbele yangu Mama Zawadi, mujukuu kwa mugongo, na kanisa nzima nyuma yake.

«Papa, toka! Unatufungia njia!»

«Koti yangu, Mama!»

«Acha nguo! Si wewe njo umetusomea?»

Akanisukuma kichwa na mikono mbili. Nikaanguka kwa goti. Wakaniruka mumoja mumoja, hata wazee.

Tukalala ndani ya mihogo mpaka milio ikanyamaza. Mujukuu wa Mama Zawadi alikuwa anatetemeka tu, bila kulia. Hakuna mwenye alinitazama. Tulitoka wote wazima, Mungu asifiwe, lakini nyumba ya Mama Zawadi iliwaka, tuliona moshi wake kutoka mbali.

Nikamusogelea. «Mama, unisamehe.»

Akakaza mujukuu kwa mugongo. «Siku ingine uhubiri mufupi, Papa. Tungekuwa tumeshaenda.»

Sasa tuko mu chumba cha masomo, kijiji ingine, chini kwa simenti. Mukitaka kucheka, mucheke polepole. Mutoto njo amepata usingizi sasa hivi.